Paa Lisiloshika Theluji

Jumatatu, 7 Januari

Nje: nyuzi hasi ishirini na nne. Chumba cha kulala: kumi na tatu. Mke wangu Lahja ameondoka leo saa nne asubuhi.

Hajaniacha! Naandika hivyo wazi ili nikisoma baadaye nisijichanganye. Amekwenda kwa dada yake Sirkka, kwenye jengo la ghorofa mjini, ambako joto linatoka ukutani bila mtu kupasua kuni. Desemba alilazwa wiki mbili kwa nimonia. Daktari alisema kifua chake hakitavumilia tena. Nyumba iwe na joto na iwe kavu. Hilo la ukavu alilirudia mara mbili, sijui kwa nini. Huku kwetu kinachokosekana ni joto.

Sasa sikiliza. Kwenye jengo la Sirkka kuna vyumba viwili vya kupanga, vitupu. Msimamizi amemshikia Lahja mpaka tarehe 15 Februari. Chumba chetu kikifika nyuzi kumi na tisa kabla ya hapo, na kikabaki hapo, anarudi nyumbani. Kisipofika, anatia sahihi mkataba wa kupanga. Miaka arobaini na moja ya ndoa, na nimepewa wiki tano na siku nne.

Sharti lake ni moja. Kabla sijagusa ubao wowote, nimwite mkaguzi wa nyumba za zamani aangalie kwanza. Namba anayo Oiva, jirani yetu. Nikasema bila shaka. Lahja akaniangalia kwa muda, akasema, "Tauno, usiniambie tu bila shaka." Nikamwambia bila shaka.

Mifuko miwili. Sirkka alibeba mmoja, mimi nikabeba mwingine. Nyumba imekuwa kimya vibaya.

Jumanne, 8 Januari

Mtaa wetu una nyumba ishirini na mbili, zote za ramani moja. Wanaume waliorudi vitani walipewa viwanja, wakajenga. Yetu aliijenga baba mwaka 1948. Ndani ya kuta na juu ya dari alijaza unga wa mbao wa kushika joto, kama wenzake wote. Miaka sabini imepita. Unga umeshuka chini na kujikusanya, kama soksi iliyolegea. Juu imebaki hewa tupu.

Ubaya wa mtaa huu ni kwamba siri ya nyumba inaonekana juu ya paa. Theluji ikikaa, joto limebaki ndani. Theluji ikiyeyuka, joto linatoroka, na mtaa mzima unakusoma. Paa la Oiva Rautamäki leo lina theluji ya kufika kiunoni. Nyororo. Inaudhi. Langu ni jeusi tangu Novemba, na upenuni zimening'inia barafu ndefu kunipita mimi.

Oiva alikuja kusimama kwenye uzio. Akasema, "Jirani, wewe unaipasha joto mbingu." Kisha akasema namba ya mkaguzi ipo, ni mtu makini, alikuja kwake kabla hajapigilia msumari hata mmoja. Nikamjibu kwamba mimi napenda paa linaloonekana. Akacheka! Nikaingia ndani nikakaa na kofia kichwani mpaka wakati wa kula.

Sichukui namba kwa Oiva. Miaka thelathini na moja namsikiliza Oiva akiwa sahihi. Nimechoka.

Jumatano, 9 Januari

Mpango! Nimeupata nikinywa kahawa. Tatizo la kwanza si baridi, ni aibu. Aibu ikiondoka, mtu anafikiri vizuri. Halafu theluji yenyewe ni blanketi, kila mtu anajua. Kwa hiyo nikapandisha ngazi kabla hakujapambazuka, yaani saa tatu kasoro asubuhi, nikaanza kurusha theluji juu ya paa kwa sepetu.

Nchi nzima watu wanashusha theluji. Mimi napandisha. Sepetu thelathini na nne zilikwenda salama. Ya thelathini na tano ilinirudia usoni. Ngazi ikaenda kushoto, mimi kulia, nikaangukia vichaka vya beri vya Lahja.

Oiva alikuwa ameshafika. Aliuliza kama mbingu zimegoma siku hizi. Alinipa mkono nikainuka, akanikung'uta mgongo, akauliza habari za Lahja. Kiuno kinauma. Huo mkono wake unauma zaidi.

Alhamisi, 10 Januari

Imeyeyuka yote. Ilipofika adhuhuri, tone la mwisho. Maji yakaganda upenuni, gata la kukingia maji ya paa likazidiwa, likang'oka mita sita na barafu zake zote. Kishindo! Watu wakatoka nje kuangalia. Nikasimama chini nikitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyekusudia kulishusha.

Chumba cha kulala: kumi na mbili.

Ijumaa, 11 Januari

Nimempigia Lahja. Anakohoa bado. Kikohozi kile cha chini, kinachoanza kama anataka kusema kitu. Akauliza kama mkaguzi amekuja.

Nikasema amekuja.

Sijui neno hilo lilinitokaje. Lilitoka lenyewe. Akafurahi! Akataka kujua kasema nini. Nikasema amesifu sana kazi ya baba. Amesema mbao za siku hizi hazifui dafu. Akauliza kama ameangalia kule darini karibu na bomba la moshi, pale penye doa la kahawia. Nikasema ameangalia sana. Kwa tochi. Akasema sauti yangu inaonyesha nimetulia, na kwamba yeye pia sasa atalala vizuri.

Roho iliniuma karibu robo saa. Halafu nikajiambia: mkaguzi angesema nini ambacho mimi sikijui? Nimezaliwa ndani ya nyumba hii. Nyumba ni baridi, ijazwe. Hakuna la zaidi.

Jumapili, 13 Januari

Bahati! Mtu mmoja ninayemfahamu anabomoa ghala lake la viazi nje ya mji. Marobota arobaini ya sufu ya kioo, ile ya kuzuia joto lisitoroke, inayowasha ngozi, nijichukulie bure. Yamekaa ghalani miaka mitatu. Mengine yameshika maji kidogo upande mmoja. Matatu yana panya, lakini ni panya wadogo. Nimeyapanga barazani na sasa mlango hufunguka nusu. Napita kwa ubavu.

Darini ni kazi ya watu kumi kwa siku moja. Hapo ndipo penye shida. Huku kwetu mtu akiwa na kazi kubwa anaita msaragambo: watu wanakuja, wanafanya, wanakula supu, wanaoga sauna, lile bafu la mvuke, wanakwenda. Hakuna anayelipwa. Lakini watu wanakumbuka. Kwenye msaragambo wa Oiva nilibeba robota moja na nikala sahani tatu. Kwenye ule wa kanisa nilikuja wakati wa supu. Nikiweka jina langu kwenye ubao wa matangazo dukani, watakuja panya tu.

Jumatatu, 14 Januari

Nimeandika tangazo. Herufi kubwa: TUMRUDISHE LAHJA NYUMBANI. Jumamosi, saa tatu. Supu ya njegere, mkate wa iliki, sauna. Jina langu nimeliweka chini kabisa, dogo.

Lahja alifundisha nusu ya mtaa huu kusoma. Yule mama wa dukani alifuta macho. Aliniambia, "Bwana Tauno, kumbe na wewe una moyo." Nikaona haya, kisha nikaona fahari, kisha nikanunua njegere.

Jumamosi, 19 Januari

Siku ndefu. Naandika nikiwa nimechoka na ninajikuna.

Walikuja kumi na mmoja! Wa kwanza Oiva, bila shaka, na barakoa yake, taa ya kichwani na mzigo wa vibao vyembamba. Nikamuuliza vya nini. Akasema ni vya kupigilia kwenye kingo za paa ili sufu isizibe pale hewa inapoingilia. Akapanda darini peke yake kabla hata sijamkaribisha, akakaa dakika kumi. Aliposhuka hakuwa akitabasamu.

Akasema mbele ya wote, kwa upole wake ule. Mbao karibu na bomba la moshi zimelowa, paa linavuja pale, lizibwe kwanza. Kwenye kingo hewa lazima ipite, la sivyo mvuke wa ndani hauna pa kutokea. Na chini ya nyumba kuna sauna (niliijenga mwenyewe mwaka 1983!) inayosukuma mvuke juu kila Jumamosi, kupitia nyufa za dari. Nyufa zizibwe kwa chini kabla ya kuongeza kitu kwa juu. Na haya marobota, akasema huku akibonyeza moja na maji yakatoka, haya yamelowa. "Tauno, tusifunike leo. Tule supu, twende. Kiangazi tutarudi wote, nakuahidi."

Kiangazi! Mimi nina mpaka tarehe 15 Februari.

Watu kumi wakanitazama. Wengine walikuwa tayari wanavua glavu. Niliona miaka arobaini na moja inashuka ngazi na kwenda kwenye jengo la ghorofa. Nikasema kwa sauti kwamba mkaguzi ameshakuja, ameruhusu kila kitu, na kwamba kama Oiva anaona kazi ni ngumu, jikoni kuna mwiko.

 Oiva akavua taa yake, akaiweka juu ya meza. Akaenda jikoni kukoroga supu. Ilikuwa supu nzuri sana, hata hilo naliandika.

Tukajaza. Kila pembe. Nilipita na mshumaa nikitafuta upepo kwenye kingo za paa, na kila nilipouona upepo nikausokomezea sufu mpaka mwali ukasimama wima. Kisha sauna, watu kumi na mmoja kwa zamu tatu, maji juu ya mawe bila huruma. Oiva hakubaki kuoga. Vibao vyake ameviacha barazani. Nimevitumia kuwashia moto.

Jumapili, 20 Januari

KUMI NA SABA.

Jumatatu, 21 Januari

KUMI NA TISA! Nimegonga kipimajoto kwa kidole. Kumi na tisa. Nimekipeleka chumba kingine na kukirudisha. Kumi na tisa!

Na mchana ilianguka theluji, ikakaa. Ikakaa juu ya paa langu! Nilisimama katikati ya barabara nikilitazama. Jeupe, kama la mtu yeyote. Oiva alipita na sleji yake ya kusukuma kwa mguu. Nikamsalimu kwa jina. Akaitikia, akalitazama paa, hakusema kitu. Sijawahi kufurahia ukimya wa mtu kiasi kile. Nadhani tangu harusi sijawa na siku nzuri kama hii.

Nimempigia Lahja. Alicheka, kisha akakohoa. Akasema atamwambia Sirkka. Akasema ikikaa hivyo atakuja kujionea Jumapili ya tarehe 10. Nilipokata simu nilikaa kidogo kwenye kiti chake.

Alhamisi, 24 Januari

Nimegundua matundu mengine manne ya hewa kwenye kuta, yale aliyoyaacha baba chini ya madirisha. Baba alikuwa mtu mzuri lakini alipenda mashimo. Nimeyaziba kwa soksi. Ishirini na nusu!

Madirisha yanatoka jasho. Maji yanatiririka kwa ndani mpaka kwenye ubao wa dirisha. Hii ni afya: nyumba inatoa baridi yake ya miaka sabini. Nafuta kwa taulo. Taulo tano kwa siku.

Jumapili, 27 Januari

Taulo tisa. Hakuna pa kuzianikia ila ndani. Nimezianika ndani. Madirisha yanatoka jasho zaidi.

Kuna harufu. Si mbaya. Ni kama ghala la viazi, lakini viazi vyenyewe havipo. Nimechemsha iliki jikoni kwa muda wa saa mbili. Sasa ni ghala la viazi lenye iliki.

Jumatano, 30 Januari

Nje hasi ishirini na saba. Ndani ishirini na moja. Nimepanda darini kujipongeza, nikapigwa na butwaa. Uzuri ulioje! Sehemu yote ya chini ya paa imevaa barafu nyeupe, nene kama kidole. Kila msumari una kofia. Nikimulika tochi, panameta kila upande. Nilikaa juu ya sufu nikatazama, nikatamani Lahja angekuwapo.

Maana yake ni wazi: baridi imefika hapo ikashindwa kupita. Imenaswa.

Sikuweza kujizuia, nikamweleza Oiva kwenye uzio. Alifurahi nami? Hapana, alipauka. Akasema ile si baridi, ni mvuke wangu mwenyewe: supu yangu, sauna yangu, taulo zangu, pumzi zangu, vyote vimepanda juu vikakosa mlango vikaganda. Akasema nitoe sufu kwenye kingo leo, nikwangue barafu kwa ufagio, niishushe kwa ndoo, kabla hali ya hewa haijageuka. Yuko tayari kuja sasa hivi na ndoo zake. Alikuwa karibu kunishika koti.

Kijicho ni kitu kibaya. Nilimhurumia kweli. Mtu amezoea kuwa na paa jeupe peke yake, ghafla yako mawili. Nikamwambia apumzike.

Ijumaa, 8 Februari

Redio imesema hewa inageuka. Jumapili kutakuwa na joto, nyuzi tatu juu ya sifuri na jua. Siku nzuri kwa wageni! Lahja hatapata hata upepo wa kumkohoza.

Nimetandika shuka mpya. Nimefuta doa la kahawia kwa rangi nyeupe. Nimeoka mkate wa iliki mwenyewe, umeungua upande mmoja tu. Taulo zote nimezificha kwenye sauna.

Jumapili, 10 Februari

Nitaandika kwa mpangilio.

Walifika saa saba. Sirkka alisimama uani akasema, "Haya shemeji, paa umelipata." Lahja alikuwa amekonda. Alivua viatu mlangoni, akavaa zile soksi zake za sufu zilizokuwa zinamngoja, akaenda moja kwa moja chumba cha kulala. Kipimajoto: ishirini na moja. Akaweka kiganja ukutani. Akalia kidogo, bila sauti. Akasema kule kwa Sirkka kuna joto lakini hakuna mlio wa nyumba, na kwamba alikuwa ameanza kuogopa kwamba hatarudi tena kwenye kitanda hiki.  Kwa furaha nikakimbilia jikoni kuweka kahawa.

Tukakaa kunywa kahawa. Lahja kwenye kiti chake. Akasema anataka kumpigia yule mkaguzi amshukuru, anaitwa nani? Nikasema Virtanen. Akauliza Virtanen yupi. Nikasema yule mrefu.

Hapo tone likaanguka kwenye mkate.

Tukalitazama wote watatu. La kahawia. La pili likaanguka kwenye kikombe cha Sirkka, la tatu kwenye mkono wa Lahja. Nikasema ni ile rangi mpya inakauka. Kisha tukasikia juu. Ilianza taratibu, tik, tik, huku na kule, halafu yote pamoja. Mvua. Nje jua linawaka, na ndani ya nyumba yangu inanyesha. Ikanyesha kwenye taa. Ikanyesha kwenye kiti. Sirkka alifungua mwavuli, palepale mezani, na wala hakuwa akifanya mzaha.

Nikakimbilia chumbani na karai. Dari juu ya kitanda ilikuwa imeshuka kama tumbo. Nikaisukuma juu kwa ufagio ili kuisaidia.

Haikupaswa kusaidiwa. Iliachia yote: maji, sufu iliyolowa, unga wa mbao wa baba mweusi wenye kuvu, na kiota cha panya, kamili. Juu ya shuka mpya. Harufu ikajaa nyumba nzima. Nyuma yangu Lahja akaanza kukohoa, akashika fremu ya mlango, na hakuweza kuacha. Sirkka akamtoa nje kwenye ngazi apate hewa.

Alipopata pumzi aliniuliza kitu kimoja tu. "Mkaguzi alikuja, Tauno?"

Nikasema hapana.

Akatikisa kichwa polepole. Alisema baridi angeivumilia. Kwa baridi angekuja na sweta mbili, na maji ya moto kwenye chupa, na tungeishi hivyohivyo. Lakini alilala wiki nne akiamini kuna mtu ameangalia. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Wakaondoka na mwavuli bado umefunguliwa. Soksi za sufu alisahau kuzivua. Kipimajoto saa kumi jioni: ishirini na mbili, rekodi.

Jumatatu, 11 Februari

Bado inanyesha. Oiva alikuja saa mbili na ndoo sita na taa yake. Hakusema kwamba alinionya. Nilimsubiri aseme, nikamtengenezea nafasi, nikanyamaza makusudi. Wapi! Akashusha sufu kwa mikono mpaka jioni, akapumzika mara moja kuuliza kama Lahja anapumua vizuri. Nikamwambia sijui. Ni kweli sijui, Sirkka ndiye anayepokea simu.

Kabla ya kwenda alimpigia mkaguzi yeye mwenyewe, kwa simu yake, akisimama jikoni mwangu.

Alhamisi, 14 Februari

Mkaguzi ni mwanamke. Hannele Ylitalo, buti kubwa, maneno machache. Alipanda, akadunga mbao kwa kidude chake cha kupimia unyevu, akashuka, na kwa nusu saa akasema kila kitu. Kwanza bomba la moshi: paa lizibwe pale. Sufu yote itoke, hata ile inayoonekana kavu. Soksi zitoke ukutani leo. Nyumba iachwe wazi ikauke mpaka Julai, isifungwe kitu chochote majira haya. Kisha nyufa za dari kwa chini, kisha vibao kwenye kingo ili hewa ipite, na mwisho kabisa ndipo kujaza. Alisema ni nyumba nzuri. Alisema baba alijua alichokuwa akifanya: yale matundu ya hewa aliyoyaacha ndiyo yaliyoifikisha miaka sabini.

Akauliza kwa nini hatukumwita Januari, ingekuwa kazi ndogo. Nikamwambia tulikuwa na shughuli nyingi. Ameniachia karatasi mbili. Nimeziweka mahali pazuri.

Chumba cha kulala: kumi na moja. Nalala jikoni.

Ijumaa, 15 Februari

Lahja ametia sahihi.

Alipiga mwenyewe, saa tisa. Sauti yake ni nzuri, kifua kimefunguka. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengine, lakini aliongea polepole kama zamani. Akasema ni vyumba viwili na jiko, pakavu, dirisha linatazama miti. Akasema hasira zimempanda na zimeshuka, na amechoka kuzibeba. Akasema msimamizi ametoa funguo mbili. Mmoja ni wangu. Niuchukue kwa Sirkka wakati wowote, hata leo. Nisibebe kitu ila ndara. Amepika nyama ya kuoka ile ya siku nzima, sufuria kubwa, kwa mazoea, na ameshaweka sahani mbili.

Ilinibidi niweke simu chini mezani kidogo. Kwa nini mtu huyu alinipenda mimi, sijui mpaka leo.

Nikamshukuru kwa moyo wote. Nikamwambia leo haiwezekani, na wiki hii pia sidhani. Maana leo asubuhi nimepata taarifa ya marobota sitini! Banda la kuku, njia ya kaskazini, karibu makavu yote, pamoja na bunda zima la nailoni nene. Nimelala jikoni siku tano nikifikiri na nimelijua kosa langu: niliweka sufu kidogo mno. Safari hii tabaka mbili, na nailoni juu yake kuanzia ukuta hadi ukuta, tone lisipate pa kupita. Oiva nisimwambie. Kufika Pasaka chumba kitakuwa na nyuzi ishirini na tatu, na Lahja atarudi nyumbani, na yale mambo ya kupanga yataisha.

Nikasikia mfuniko ukirudishwa juu ya sufuria. Kisha akasema nyama itakuwa nzuri hata kesho.

Nikamwambia ale tu, asiningojee. Nina kazi darini.